Dakika ya Sitini na Moja

Muleba,
Jumatatu, 11 Novemba 2024

Munywani wangu Avit,

Nimekupigia simu tangu Jumamosi saa kumi na mbili jioni, mara kumi na nne, na kila mara naambiwa hupatikani. Nimeelewa. Namba yako imesambazwa kwenye makundi ya mashabiki, na yale wanayokuandikia nimeyaona, sitayarudia hapa. Kwa hiyo nimerudi kwenye kalamu, kama zamani, wewe ukiwa chuo cha ualimu na mimi karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha kahawa. Barua hii anaileta Muharami, konda wa Kosta ya saa moja asubuhi. Nimemwambia aikabidhi mkononi mwa Alistidia mkeo, si kwa mtu mwingine.

Tangazo tulilisikia pamoja kwenye banda la Josia, mwenyekiti wetu wa tawi. Redio ilisema tu kwamba klabu ya Lweru imeachana na kocha wake Avit Kyaruzi kutokana na mwenendo mbaya wa timu. Mechi tisa, kufungwa saba, sare mbili. Watu walishangilia kana kwamba tumechukua kombe. Josia alipanda juu ya kreti akapiga kelele, "Tumepona! Jamani, tumepona!" Mtu mmoja akauliza, "Sasa huyo kocha ndiye aliyekuwa anakosa penati?" Akazomewa mpaka akatoka nje na chupa yake.

Nakwambia haya mapema kwa sababu utayasikia kwa wengine yakiwa yametiwa chumvi. Jana baada ya misa vijana walikata mgomba, wakauvisha jezi yetu ya kijani na kofia nyeupe kama yako, wakaulaza juu ya machela ya miti na kuuzungusha barabarani wakiimba nyimbo za msiba. Nyuma ya uwanja wa shule wakachimba shimo, wakauzika. Wazee waliokuwa wanatoka kanisani hawakucheka. Unajua na mimi najua kwamba kwetu mgomba huzikwa pale mtu wetu anapofia mbali na mwili usirudi. Si kitu cha kuchezea. Sijui waliutoa kwenye kibanja cha nani. Mimi sikuwepo, nilikuwa kitandani na malaria.

Je, klabu walikupa sababu nyingine zaidi ya kufungwa? Walikuonyesha karatasi yoyote? Nauliza tu.

Nimekutumia senene, kopo moja, Joanitha wangu amewakaanga. Mwaka huu ni wengi, ingawa sisi tunaoitwa Senene kwa ajili ya jezi tumekatwa mabawa na miguu.

Ndugu yako,
Ildefons Rutaihwa
Katibu, Tawi la Mashabiki Muleba
(Nimeandika cheo kwa mazoea. Leo sikuandikii kama katibu.)


Bakoba, Bukoba
15 Novemba 2024

Ildefons, waitu, ndugu yangu,

Senene wamefika, na Alistidia ameficha nusu ya kopo akidhani sikumwona. Muharami alikataa kuingia ndani. Alisema, "Mwalimu, mimi nakuheshimu, lakini abiria wangu wakiniona hapa watanishusha kwenye gari langu mwenyewe." Tulicheka. Ilikuwa mara ya kwanza wiki hii.

Mgomba niliuona kwenye video kabla ya barua yako. Kofia waliipatia kabisa. Na walinibeba vizuri, hata siku tulipopanda daraja sikubebwa hivyo. Mgomba wenyewe ulikuwa mnene, wa kibanja kinachowekewa samadi na kupaliliwa kwa tarehe. Kwetu Rubafu mama yangu amepewa pole na watu watatu. Wa nne alimletea mkungu wa ndizi wa msiba. Mama ana miaka themanini na tatu. Nilimpigia kwa simu ya jirani, naye akakataa kwamba ni mimi, mpaka nilipomtajia jina la mbuzi tuliyekuwa naye nikiwa darasa la pili.

Umeuliza habari ya karatasi. Ndiyo, ilikuwepo. Walikuwa watano mezani, Lameki mwenyekiti wa klabu katikati. Habari ya kufungwa hawakuigusia kabisa. Lameki alivaa miwani akasoma: "Tarehe 31 Agosti, na timu ya Tabora, kocha aliondoka benchi dakika ya 61, akarudi dakika ya 68. Goli la pili tulifungwa dakika ya 66. Tarehe 14 Septemba, aliondoka dakika ya 58, akarudi dakika ya 64." Akaendelea hivyo mpaka mechi ya tarehe 2 Novemba. Mechi tano za nyumbani, na kila nilipotoka pamepigwa mstari mwekundu.

Akavua miwani. "Mwalimu, ulikuwa unakwenda kuongea na nani?"

Nikasema, "Sikuongea na mtu."

"Timu inazama, wewe upo nyuma ya jukwaa dakika saba, na huongei na mtu?"

Mmoja pembeni akasema, "Watu wa mikeka hawana maneno mengi. Dakika saba zinawatosha." Wakacheka wote. Maana yake nilikuwa nauza mechi, nawapigia wanaobashiri kuwaambia goli linakuja.

Ningeweza kuwajibu kwa sentensi moja. Lakini ipo sentensi ambayo mwanaume akiitamka mbele ya meza kama ile, hawezi tena kupita sokoni akiwa yule yule wa jana. Nilichukua kofia yangu nikatoka.

Mjini wamenigeukia. Waendesha boda wa pale stendi wananiita "Mkeka." Jana muuza samaki alinifungia samaki wangu, halafu akamwambia mwenzake kwa Kihaya, nami nasikia, kwamba hata samaki huyu nitamuuza kabla hajafika nyumbani.

Wewe hukaa pale pale siku zote, upande wa ziwa, ngazi ya tatu, daftari juu ya goti. Uliniona nikitoka? Uliandika nini?

Avit


Muleba,
Jumatano, 20 Novemba 2024

Munywani wangu,

Barua yako niliipata Jumamosi. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi za kibanja, na malaria ile imeniacha na uchovu.

Nimepekua daftari langu toka ukurasa wa kwanza. Ninavyo vikosi vyote, wachezaji waliobadilishwa, kadi, mvua ilipoanza na ilipoacha. Kuhusu wewe kutoka sijaona kitu. Labda nilikuwa nimeinama ninaandika. Uwanjani watu ni wengi na kila mmoja siku hizi ana simu ya kupiga picha. Mtu yeyote angeweza kupanga dakika zile. Usiumize kichwa kumtafuta ni nani.

Nikupe habari za huku. Jumapili timu imeshinda moja bila, chini ya huyu kocha mpya. Banda lilijaa mpaka watu wakakaa juu ya magunia ya Josia. Josia akasema, "Mnaona? Duka limefungwa, mechi haziuzwi tena!" Mama Annastella, yule anayekaanga maandazi pale mlangoni, akamjibu bila kugeuka: "Huyo mwalimu alimfundisha mwanangu kuogelea kabla ya kumfundisha mpira. Alisema mtoto wa ziwani asiyejua kuogelea hapewi jezi. Mwizi anapata wapi muda huo?" Josia akamwambia, "Mama, maandazi yanaungua." Naye akasema, "Yaungue. Na wewe uungue." Watu walicheka, nami nilicheka.

Avit, kama ipo sababu iliyokutoa benchi, niambie mimi. Sisi tumetoka mbali. Nitakuandikia utetezi wenye tarehe, nitaugonga mhuri wa tawi na kuupeleka kwa Lameki mwenyewe. Lakini siwezi kutetea kitu nisichokijua.

Wako,
Ildefons


Bakoba,
29 Novemba 2024

Ildefons,

Nashukuru kwa habari za ushindi. Yule mshambuliaji niliwaambia toka Julai apangwe kulia, na sasa wamempanga kulia. Nimefurahi, usidhani nasema kwa uchungu. Nilisikiliza mechi yote redioni, na dakika ya sitini nikajikuta nimesimama.

Sababu yangu niachie mwenyewe. Kila mtu ana chumba kimoja ndani ya nyumba ambacho mgeni haingii, hata mgeni kama wewe.

Siku hizi nakaa ndani sana na mawazo yanarudi nyuma. Unakumbuka Kashozi, kidato cha pili? Mwalimu wa darasa alikufanya monita kwa sababu ya mwandiko wako. Halafu ile siku ya mvua ya mawe, bati likipigwa mpaka hatusikii kitu, darasa zima likalipuka kwa kelele. Uliandika majina thelathini na moja. Mwalimu aliporudi akachukua karatasi na kusoma jina la kwanza: Ildefons Rutaihwa. Akakuuliza, "Wewe ni monita au mpiga kelele?" Ukamjibu, "Nilicheka, mwalimu. Mimi ndiye niliyeanza kucheka." Ukachapwa vinne kama sisi.

Siku ile ndipo nilipokuchagua. Hujawahi kuniuliza kwa nini mimi, mtoto wa Rubafu niliyekuwa na marafiki wa kutosha, nilikuja kukaa dawati lako. Ni kwa ajili ya karatasi ile. Nimefundisha miaka thelathini na nne na nimekuwa na mamonita wengi. Wote waliandika majina ya wenzao vizuri sana. Aliyeanza na jina lake nilimwona mmoja tu.

Wiki ya pili ya Desemba nasafiri kwenda Mwanza kwa shughuli zangu. Ukipata nafasi kabla ya hapo, niandikie. Niandikie lolote. Nitalisoma.

Avit


Bakoba,
Jumatatu, 9 Desemba 2024

Shemeji Ildefons,

Utashangaa kuuona mwandiko wangu. Nakuandikia jikoni, yeye amelala. Nisingeweza kukupigia, nyumba yetu unaijua, neno likisemwa jikoni linasikika sebuleni. Na kwenye simu ningelia, nisingemaliza.

Avit anaumwa. Ni tezi dume, na imekwenda mbali. Ilianza mwezi wa saba, akanificha. Niligundua kwenye nguo. Mkojo haumsubiri, shemeji. Ukimjia ni lazima aende wakati huo huo, na akifika unatoka kidogo kidogo kwa maumivu, mara nyingine na damu. Ndiyo maana alikuwa anatoka benchi. Kipindi cha kwanza alivumilia, mapumziko alikwenda pamoja na wachezaji asionekane, lakini ikifika dakika ya sitini alikuwa hawezi tena. Alivaa suruali mbili nyeusi, moja juu ya nyingine, kwenye jua lile. Mimi ndiye niliyezifua. Mechi ya tarehe 5 Oktoba hakuwahi kufika chooni. Alikaa kule nyuma dakika kumi na moja akisubiri nguo ikauke, na huku nje anasikia uwanja unazizima, anajua tumefungwa.

Nilimwambia, waambie. Akaniambia, "Alistidia, wakiniita mwizi nitatembea. Wakiniita mzee anayejikojolea, sitatoka kwenye nyumba hii." Akaniapisha. Sasa nimevunja kiapo, na Mungu anisamehe, kwa sababu Alhamisi anapanda meli kwenda Mwanza kufanyiwa upasuaji, na daktari hakutuficha kitu.

Kwaya yetu haijanifukuza, ila nikifika kila mtu anatafuta kitabu chake cha nyimbo. Mwanangu Derick amepigana kazini kwa sababu ya baba yake. Hayo nayaweza. Ninaloshindwa ni kumwona mume wangu akienda kwenye kisu huku mji mzima ukiamini aliuza watoto aliowafundisha.

Ombi langu ni moja. Wewe ni katibu, unawajua mashabiki wote, mwandiko wa kila mtu unaujua. Mtafute mtu aliyeandika zile dakika. Sitaki kumtukana. Nataka aje, au aandike, aseme tu: niliona mtu anatoka, sikuona alikokwenda. Maneno hayo tu. Akiyasema yeye, watamsikiliza. Ugonjwa usiutaje kwa mtu yeyote.

Mtafute, shemeji. Wewe huwezi kumkosa.

Alistidia


Muleba,
Alhamisi, 12 Desemba 2024

Avit,

Ni mimi.

Nimeanza barua hii mara sita tangu usiku wa Jumanne na kila mara nilianza na salamu. Sasa nimeacha salamu.

Lameki alikuja Muleba tarehe 27 Oktoba, akakaa kwenye kiti kile unachokaa wewe. Aliniambia, "Katibu, nasikia una daftari ambalo hata klabu haina. Tuazime, tumsaidie mwalimu aone timu inapovuja." Nilifurahi, Avit. Miaka ishirini ninaandika na hakuna aliyewahi kuniomba hata ukurasa mmoja. Nilimnakilia mechi nne za nyumbani kwenye karatasi, nikampa. Mechi ya tarehe 2 Novemba niliinukuu kwenye karatasi nyingine, nikampelekea mwenyewe ofisini kabla hata ya kurudi Muleba. Mistari myekundu ni yangu. Niliipiga kwa rula. Nilikuona unatoka mechi ya kwanza, nikaandika. Ulipotoka mara ya pili niliangalia saa yangu nikijua utatoka. Kuanzia mechi ya tatu nilikuwa nakusubiri utoke. Nilikuwa na macho ya kuona dakika, lakini sikujiuliza hata mara moja kama rafiki yangu anaumwa au ana shida gani. Ningeshuka ngazi tatu tu ningekukuta.

Mkutano wa tawi wa tarehe 6 Novemba ulipiga kura klabu ikuondoe. Barua ile niliiandika mimi na mhuri niligonga mimi. Sikupiga kura ya kukukataa wala ya kukutetea. Niliandika "kwa kauli moja."

Sikuwa na malaria. Nilikuwepo. Mgomba ulitoka kwenye kibanja changu, upande wa choo, na wewe uliutambua kwenye video. Vijana walikuja kuomba, nikaona aibu kukataa mbele ya Josia, nikawaonyesha ulio mnene. Nilitembea nyuma yao mpaka kwenye shimo. Niliandika kwenye shajara yangu: "Mazishi ya utani, saa 6:20 hadi saa 7:05." Nimeisoma tena jana. Nimeandika neno utani ili nipate usingizi.

Ulinipa nafasi ya kusema, ukanipa tena. Niliposoma habari za mvua ya mawe nilijua kwamba unajua. Nikakaa nayo siku kumi na tatu.

Jumapili iliyopita tumefungwa tatu bila. Jumatatu asubuhi Josia alikuja nyumbani, hata chai hakungoja. Akasema, "Katibu, daftari lako linasemaje kuhusu huyu kocha mpya? Mbona kipindi cha pili anakaa kaa sana?" Nilimwambia sina kalamu.

Jumapili hii, tarehe 15, naitisha mkutano wa tawi. Nitasema mwandishi ni nani na nitasema hakuona ulikokwenda. Halafu nitakwenda nyuma ya uwanja wa shule na kuufukua ule mgomba kwa mkono wangu, mchana, watu wakiangalia. Siwezi kukaa na wewe ukiwa ndani ya shimo nililolionyesha mimi.

Nimesikia unasafiri leo. Muharami ameniahidi barua hii itakufika leo kabla ya meli. Sikuombi unijibu. Nakuomba urudi.

Ildefons


Bakoba,
Jumatatu, 16 Desemba 2024

Ildefons,

Najua umesikia redioni, kwa hiyo siandiki kukupa habari. Alifariki Jumamosi saa tisa alasiri. Upasuaji alitoka salama, akaomba uji, akanywa nusu. Baada ya hapo damu haikukatika. Mwili unakuja na meli na mazishi ni Alhamisi, kwetu Rubafu.

Barua yako ya tarehe 12 ilifika. Gari la Muharami liliharibika njiani, akaileta saa nne usiku. Meli ilikuwa imeondoka saa tatu. Niliifungua mimi, nikaisoma nimesimama mlangoni, na nilipomaliza sikuweza kukaa.

Nilikuomba umtafute. Unakumbuka nilivyoandika? Wewe huwezi kumkosa.

Sasa nisikilize, kwa sababu nina jambo ambalo ni lako na silitaki libaki kwangu. Bandarini, yeye na Derick wakisubiri kupanda, aliniambia: "Ildefons ataniandikia. Ni yeye aliyeandika zile dakika, nilijua toka Lameki aliposema neno la kwanza, hakuna mtu mwingine Kagera anayeandika hivyo. Ataandika tu, ni mzito lakini ataandika. Nikiwa sipo, mjibu kwamba niliisoma."

Nilimuuliza, "Hata kama hujaisoma?"

Akasema, "Mwambie niliisoma."

Mimi si Avit. Siwezi kukudanganya, hata kwa agizo la marehemu. Hakuisoma. Nakwambia yote mawili, alilotaka nikwambie na lililo kweli, ukae nayo.

Siku ya mazishi ni lazima wasifu wake usomwe. Derick ananiambia asome mjomba wake. Nimekataa. Utasoma wewe. Lameki atakuwepo, wameshanitumia ujumbe kwamba klabu inaleta shada. Mashabiki watakuja, wale wale. Njoo na daftari. Utawasomea dakika zote tano kama ulivyoziandika, halafu utawaambia alikuwa wapi. Taja ugonjwa. Taja na suruali mbili. Yeye alichagua aitwe mwizi, na mimi nilimtii alipokuwa hai. Sasa mjane ni mimi na ninachagua mimi.

Usije na senene wala kitu chochote. Usikae ndani na ndugu. Utakaa nje na watu wengine, ukiitwa utasimama, ukimaliza utaondoka. Labda siku moja nitaweza kukuita shemeji. Siyo mwaka huu.

Alistidia Kyaruzi


Muleba,
Jumatano, 18 Desemba 2024

Mama Derick,

Nitakuja, na nitafanya kama ulivyoagiza. Nimeomba Kosta ya alfajiri. Muharami amesema atanipeleka mpaka Rubafu yeye mwenyewe. Tangu Ijumaa hajapandisha abiria mbele, kile kiti alichokuwa anawekea barua zetu.

Ni haki yako kujua lililotokea Jumapili. Walikuja watu arobaini na saba. Niliposema mwandishi ni mimi, walipiga makofi. Walidhani najisifu. Josia akasema, "Katibu, tunajua, tunajivunia!" Ikabidi niseme tena, polepole, kwamba niliona mtu anatoka na sikuona alikokwenda, na kwamba tulimwita mwizi kwa kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekiona. Josia akauliza, "Sasa alikuwa anakwenda wapi?" Nikamwambia nimekatazwa. Akasema, "Basi bado hatujui." Baadhi wakatoka naye.

Nilikwenda na jembe nyuma ya uwanja wa shule. Walionifuata walikuwa tisa. Baada ya muda Mama Annastella akachukua jembe la pili, akachimba upande wa pili. Mgomba ulikuwa umeoza, umekuwa maji na nyuzi. Jezi ilikuwa nzima. Tulimaliza saa saba na robo. Nilirudi nyumbani nikamwambia Joanitha, "Sasa atapona." Nilisema hivyo, Mama Derick. Saa kumi na mbili nikafungua redio kusikiliza matangazo ya vifo, kama kila siku.

Nilikuwa nafukua mtu niliyedhani yu hai, na kumbe alishakufa tangu jana yake.

Jezi nimeifua mara tatu. Sitakuja nayo, umesema nisije na kitu. Ipo hapa kama utaitaka.

Nimeandika wasifu. Nimeweka alikozaliwa, shule, miaka aliyofundisha, wewe, Derick, watoto aliowafundisha kuogelea. Dakika zote tano zipo, na mbele ya kila moja nimeandika alikuwa wapi. Kabla ya hayo yote nimeweka karatasi moja, ambayo nitaisoma kwanza, Lameki akiwepo na mashabiki wakiwepo. Nakutumia nakala ili uione kabla yao, na kama ipo sehemu hutaki isomwe, uikate kwa kalamu.

Nimeiandika kama tulivyofundishwa Kashozi, jina moja kila mstari. Nimewakumbuka watu arobaini na nane. Inaanza hivi:

WALIOPIGA KELELE

1. Ildefons Rutaihwa